Tuma Gari Mzee Akiwa Hai

Andiko: Mwanzo 45:16–28, 46:1–4, 28–30, 48:8–20



Desemba ikifika, Magongo yetu huanza kupungua watu. Mabasi ya bara yanajaa, nauli inapanda, na aliyechelewa kukata tiketi anabaki. Wengi wetu tulitoka mbali, Kakamega, Siaya, Kitui, Taita, tukaja kutafuta riziki bandarini, kwenye yadi za makontena na uwanja wa ndege. Watoto tumewazaa huku huku. Nyanya zao wanawajua kwa picha ya simu.

Baba wa zamu hapewi likizo, maana meli haijui Krismasi. Ukipiga hesabu ya nauli ya watu sita, kwenda na kurudi, unanyamaza. Mwaka unapita, wa pili, wa tano. Leo nataka tugeuze hesabu: kama sisi hatuwezi kupanda, mzee ashuke. Nauli ya watu sita imetushinda, lakini ya mtu mmoja tunaweza kuijaribu.

Yusufu alifanya hivyo. Tumwangalie kwa mambo matatu.

La kwanza, alituma magari. Wana wa Yakobo walipomwambia baba yao kwamba Yusufu yu hai, mzee hakuamini. Maneno matupu hayakumfikia. Lakini alipoyaona magari, na punda waliobeba chakula cha njiani, roho yake ikaamka. Mpendwa, "mama tumekukumbuka" analisikia kila Jumapili kwenye simu. Sasa na aone gari! Mwambie jirani yako: tuma gari.

Nimeketi kwenye kamati nyingi za mazishi hapa Magongo. Habari ya msiba ikija, kwa siku chache tu tunapata pesa za jeneza, gari la maiti na basi la waombolezaji. Sisemi tuache kuchangia matanga, hiyo ni kazi ya upendo. Nauliza tu: mama alipokuwa anauliza, "Nitamwona lini huyo mtoto mliyemwita jina langu?", mchango ulikuwa wapi? Gari tunalokodi akiwa amelala halimfurahishi. Litume angali anaweza kukaa dirishani.

La pili, alimlaki. Yusufu alikuwa mkubwa Misri, wa pili kwa Farao, lakini hakumtuma mtumishi. Alitandika gari lake mwenyewe, akaenda mpaka Gosheni, akamwangukia baba yake shingoni na kulia. Wewe nawe usimwambie mzee, "Ukishuka chukua boda, utauliza njia." Tangu 2017 treni ya SGR inafika Miritini, hapo jirani yetu. Kata tiketi mapema, nenda stesheni, mshike mkoba.

Hata Yakobo aliogopa safari. Alisimama Beer-sheba akamwabudu Mungu, na Mungu akamwondolea hofu ya kushuka Misri. Wazee wetu wanaogopa pia: joto, mbu, mkwe asiyemjua, shida ya choo usiku. Mwulize mapema. Abebe dawa zake za presha za kutosha, atandikiwe neti. Na wewe unayesema, "Mchungaji, nina chumba kimoja," kanisa hili lina vyumba vingi. Ongea na kiongozi wa ushirika wako wa nyumbani, watoto walale kwa jirani wiki moja. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone.

La tatu, alimpelekea watoto awabariki. Efraimu na Manase walizaliwa Misri, mama yao Mmisri. Mzee, macho yamefifia, akauliza hawa ni nani. Alipoambiwa, akawabusu, akawakumbatia, akaweka mikono yake juu yao. Watoto wetu wanaongea Kiswahili na Sheng, nyanya ana Kiluhya chake. Usiruhusu wamcheke. Mkono ukiwekwa kichwani hauhitaji mkalimani.

Hapa niseme wazi. Wako ambao hawamkaribishi mzee kwa sababu wameambiwa kwenye maombi fulani kwamba shida zao zinatoka kwake. Wapendwa, hapa Pwani, upande wa Kilifi, wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na mara nyingi nyuma ya maneno hayo kuna shamba. Unabii unaokufanya umchukie mama yako haukutoka kwa Roho Mtakatifu. Roho hapingi amri ya tano. Timotheo alipata imani iliyokaa kwanza ndani ya Loisi, bibi yake. Huyo unayemkimbia huenda ndiye amekuwa akikuombea saa tisa usiku miaka yote hii.

Na wewe uliyenyamaziana na wazazi kwa ugomvi wa zamani, soma vizuri. Nyumba ya Yakobo iliwahi kumwuza mtoto. Ilipita miaka kama 22 kabla Yusufu na baba yake kuonana. Bado magari yalitumwa.

Yusufu aliuzwa akiwa na miaka 17. Yakobo alifika Misri akiwa na miaka 130, akafa akiwa na 147. Piga hesabu: Mungu alimrudishia mzee miaka 17 na mwanawe, kama ile ile aliyokaa naye mwanzo. Si kila mzee wetu ana 17 mbele yake. Wengine wana Krismasi hii moja.

Kwa hiyo leo, ukitoka ibadani, kabla ya chakula, piga simu. Usiulize tu, "Mko salama?" Uliza, "Mama, nikukatie tiketi ya siku gani?"

Tuombe: Bwana, walinde wazee wetu barabarani. Fungua mikono yetu na milango yetu. Watoto wetu wapate baraka kabla mikono hiyo haijapoa. Katika jina la Yesu. Amina.