Umpige Nani Kwanza?

Hebu tuuchukue mchezo wa mezani uitwao Twilight Imperium, alioutunga Christian T. Petersen mwaka 1997. Wachezaji huizunguka ramani ya nyota, kila mmoja na taifa lake na majeshi yake ya angani, wakigombea sayari. Katika toleo la 4, la mwaka 2017, kwa kawaida anayetangulia kufikisha pointi 10 ndiye mshindi.

Sasa, kulia kwako yuko jirani dhaifu, hajakukosea kitu. Kushoto yuko mwenye pointi 9. Utampiga nani?

Wengi watamvamia dhaifu. Sababu hazikosi: ati yuko karibu, ati sayari zake hazina ulinzi, ati hiyo ndiyo akili ya vita. Na yule mkubwa? Ah, acha amkabili mwingine! Maana anayemkabili huunguza majeshi yake peke yake, halafu nafuu inakuwa ya meza nzima. Basi kila mtu humsubiri mwenzake, na huku wanasubiriana mkubwa anajichukulia pointi yake ya 10. Vita vya panzi, furaha ya kunguru.

Utasema, mchezo tu huo, bwana. Sawa, pale mezani hafi mtu. Lakini visingizio tunavyovitoa pale ndivyo hivi hivi tunavyotembea navyo mitaani. Kumwonea mtu kwa kuwa tu hawezi kurudisha kofi si akili ya vita. Ni woga uliovaa gwanda. Wa kuzuiwa ni yule anayekaribia kutumaliza sote, na gharama yake lazima mtu aanze kuilipa. Kwa nini asiwe wewe?