Mwani kwenye Unyayo

Paliondokea mvuvi, mtu wa kisiwa cha Kudha, mzamiaji wa kamba koche. Siku moja maji yametoka, akakanyaga tumbawe likamchana unyayo. Jeraha lenyewe halikuzidi kidole gumba. Akalisuuza baharini, akaendelea na kazi. Jioni wazee wakamwambia aliache wazi likauke. Mtoto wa nduguye, aliyerudi majuzi kutoka Mombasa, akacheka.

"Ami, kukausha kidonda ni mambo ya kale. Mahospitalini siku hizi wanafunga kwa mwani."

Kijana hakusema uongo. Mwaka 1962, mtafiti George Winter wa London alionyesha kwa nguruwe kwamba jeraha lililofunikwa likabaki na unyevu liliota ngozi mpya upesi, karibu mara mbili ya lile lililoachwa wazi likafanya gaga. Ngozi changa hutambaa juu ya majimaji. Penye gaga hulazimika kujipenyeza chini yake. Ndiyo sababu vidonda vikaanza kufungwa kwa hidrojeli: nyuzi ndefu zilizofungamana mithili ya jarife, ila kinachonaswa humo ni maji, pengine sehemu tisa kwa kumi. Nyuzi hizo hupatikana kwenye alginati ya mwani wa kahawia, kwenye kitosani ya magamba ya kamba na kaa, au kwenye jelatini ya ngozi na mifupa. Kwa mtu wa visiwani ni kama kuambiwa kwamba jaa la nyuma ya nyumba ni duka la dawa.

Basi kijana akaokota mwani uliotupwa na maji ufukoni, akauchemsha kwenye sufuria ya wali, akauponda, akampaka ami yake, akafunga kipande cha kanga na mfuko wa nailoni juu. Hakujua kwamba alginati haitoki kwa maji matupu: mwani husafishwa, hulainishwa kwa chumvi ya jamii ya magadi, huchujwa, na kabla ya kugusa kidonda dawa huuliwa vijidudu vyote. Alichokipika yeye kilikuwa mchuzi wenye mchanga.

Usiku mguu ukapwita. "Dawa inafanya kazi," akasema mgonjwa, nami namwelewa. Maumivu tuliyojitakia huwa tunayapa jina zuri. Siku ya tatu mkewe aliamshwa na harufu. Alipofungua nailoni, usaha ukamchuruzika mkononi, na mguu ulikuwa umevimba hadi kifundo.

Wakampakia mashuani, wakashika njia ya hospitali, Kismayo. Mwuguzi akauliza kwanza habari ya chanjo ya pepopunda, kisha akakaa na maji safi na kibano kwa muda mrefu kuliko walivyotarajia. Nyama iliyokufa ikatoka vipande vipande. Mwisho, kwenye bakuli la chuma, kikalia kitu: kipande cha tumbawe, si kikubwa kuliko punje ya mchele. Kilikuwa mle tangu siku ya kwanza. Kidole kidogo hakikuokoka.

Wiki ya pili, usaha umekwisha na kidonda kimekuwa chekundu, mwuguzi akakamua jeli angavu kutoka kwenye tyubu. Kijana akainama kusoma maandishi, uso ukamnawiri.

"Alginati! Ami, si nilikwambia? Mwani!"

Mke wa ami yake alikuwa akikunja kanga. Hakuinua macho.

"Na habari ya kuosha, mwanangu, huko Mombasa hukuisikia?"