Maisha yaliyofungwa kwa mashini, je, ni maisha?



Leo nataka kuandika juu ya neno moja lililosemwa kwa mgonjwa, na mimi mwenyewe ndimi niliyelisema. Tulikwenda, mashemasi wawili na mimi, kumwona mama mmoja wa parokia yetu ambaye figo zake mbili zimekufa sababu ya ugonjwa wa damu kupanda, ule tunaouita tansio. Ilikuwa saa tisa ya mchana, siku ya tatu. Mama alikuwa ametoka kwenye dialisi. Alilala juu ya mkeka, macho yamefunga, hata kichwa hakuweza kukiinua ili atusalimu. Tuliomba, tukatoka. Pale inje nikamwambia mume wake kwa sauti ya chini: "Papa, haya nayo ni maisha?" Nilidhani nasema neno la huruma. Lakini dirisha lilikuwa wazi, na mama alisikia.

Wengi kati yetu hawajui dialisi ni kitu gani, basi niieleze kidogo. Figo zinasafisha damu usiku na mchana, zinatoa uchafu na maji yaliyozidi, na yote yanatoka kwa mkojo. Zikikufa, uchafu unabaki ndani ya mwili na mtu anakufa. Dialisi ni kuipitisha damu inje ya mwili, kati ya mashini yenye chujio, na kuirudisha. Sindano mbili kubwa zinaingia ndani ya mkono, pahali waganga walipounganisha mishipa miwili ili damu ipite kwa nguvu. Desturi ni mara tatu kwa juma, saa ine kila mara. Hesabuni ninyi wenyewe: ni saa 12 kati ya saa 168 za juma zima, kwa kazi ambayo figo nzima zinaifanya bila kupumzika hata dakika moja. Ndiyo sababu mtu anatoka pale kama nguo iliyokamuliwa.

Na siku zingine nazo zina amri zake. Kwa mtu asiyekojoa tena, maji anayokunywa yanabaki mwilini, yanavimbisha miguu, yanapanda hata kwenye mapafu. Kwa hiyo anakunywa kwa kipimo cha kikombe, na jua letu munalijua. Makayabu hapana, sababu ya chumvi. Sombe, maharagi, ndizi na avoka zina potasiamu, na potasiamu ikizidi ndani ya damu inaweza kusimamisha moyo. Mama anapikia jamaa sombe, anasikia harufu yake, naye anakula bukari na kitu kidogo. Mkono wenye mishipa ile haubebi ndoo tena. Na kuna mambo ambayo wagonjwa hawayasemi mbele ya mchungaji: usiku bila usingizi, kujikuna, kitanda cha ndoa kuwa baridi, kazi kupotea, aibu ya kuomba pesa kila juma.

Basi, je, swali langu halikuwa la haki?

Juma lililofuata mama alinituma mtoto. Alisema: "Mwambie mchungaji aliniona siku ya tatu saa tisa. Aje siku ya ine asubuhi." Nikaenda. Nilimkuta ameketi chini ya mti, anasuka nywele za mjukuu wake na kumgombeza sababu anatikisika. Alicheka. Alinipa kiti, kisha akasema pole pole: "Mchungaji, siku ile ulipiga kura juu yangu."

Neno hilo lilinifuata mpaka nyumbani. Nilisoma baadaye kwamba watu walikwisha kupiga kura za namna hiyo wazi wazi. Katika mji wa Seattle, Marekani, munganga Belding Scribner alipata mwaka 1960 njia ya kumrudisha mgonjwa kwenye mashini mara nyingi bila kuharibu mishipa yake kila mara. Mgonjwa wake wa kwanza, Clyde Shields, aliishi miaka 11 zaidi. Lakini vitanda vilikuwa vichache sana. Wakaweka kamati ya watu saba, na mtumishi wa kanisa mmoja kati yao, ili wachague nani aingie. Mwaka 1962 gazeti moja kubwa lilitangaza habari zao kwa watu wote. Waliangalia umri, ndoa, watoto, mali, masomo, kazi, hata kama mtu anashiriki kanisani. Wandugu, tusifurahi kwamba wakristo walipewa nafasi nzuri. Ni nani kati yetu angependa uhai wa jirani yake upimwe kwa kuhesabu siku za Mungu alizokuja ibadani?

Munganga wa Uholanzi aliyetengeneza mashini ya kwanza wakati wa vita, Willem Kolff, hakupima hivyo. Wagonjwa wake wa kwanza karibu wote walikufa. Yule aliyefungua njia, mwaka 1945, alikuwa mwanamke wa miaka 67 aliyetolewa gerezani, kwa maana alikuwa amewaunga mkono maadui waliokalia inchi yake. Watu wa mji walimchukia. Kolff alimtibu, naye akafungua macho na kuishi miaka mingine. Munganga aliona mgonjwa, basi.

Kule Marekani sheria ya mwaka 1972 iliamuru serikali ilipie karibu wagonjwa wote, na kazi ya kuchagua ikaisha. Ndipo ilionekana kwamba hakukuwa na watu wenye uhai mdogo na wengine wenye uhai mkubwa. Kulikuwa na upungufu wa pesa. Lakini kwetu, wengi wanalipa kwa mfuko wao na wa jamaa yao, na kamati ile ingali inakaa. Inakaa sebuleni, usiku, watoto wakiwa wamelala. Inahesabu: karo ya shule, kodi ya nyumba, dialisi ya mama. Na mgonjwa yuko nyuma ya ukuta, anasikia. Kwa hiyo mtu wa Mungu anapokuja na kuuliza "haya nayo ni maisha?", ameitia kamati ile hoja iliyokuwa inatafuta.

Sikusema uongo juu ya mateso. Kosa langu ni hili: niliona saa moja, nikaihukumu miaka. Mwaka 2005 wataalamu wa Marekani walichapa utafiti juu ya wagonjwa 49 wa dialisi na watu 49 wenye afya wanaofanana nao. Kwa muda wa juma moja waliwauliza mara nyingi kila siku moyo wao uko namna gani saa hiyo. Wagonjwa hawakuonekana kuwa na huzuni kupita wenye afya. Wenye afya ndio waliokuwa wamekisia kwamba maisha ya namna ile ni machungu tu. Wagonjwa wale walikuwa wa inchi yenye kulipiwa, nakumbuka vizuri, na kwetu mambo ni magumu kupita. Lakini nani alimuuliza mama yetu?

Sisi tunaomjua Papa Simon Kimbangu tungepaswa kuwa wa mwisho kukosea hapo. Alihukumiwa tarehe 3 Oktoba 1921, akafungwa hata siku ya kufa kwake, tarehe 12 Oktoba 1951, ndani ya gereza la Elisabethville, mji tunaouita leo Lubumbashi. Miaka 30. Mpita njia angetazama ukuta ule angesema: huyu alikwisha kufa zamani, wamesahau tu kumzika. Tunajua matunda yaliyotoka kwenye miaka ile. Sisemi kila mgonjwa ni nabii. Nasema kwamba thamani ya siku za mtu haionekani kwa kutazama kamba iliyomfunga.

Kuna neno lingine. Mtu mmoja wa kikundi fulani cha maombi alimwambia mama aache mashini ili aonyeshe imani. Wandugu, mtu ambaye figo zake hazifanyi kazi kabisa akiacha dialisi, kwa kawaida anakufa kati ya juma moja au mawili. Anayeshauri hivyo atamjibu Mungu. Mfalme Hezekia aliomba kwa machozi, akaongezewa miaka 15, na nabii Isaya yeye mwenyewe aliamuru waweke tini juu ya jipu lake. Nabii alitumia dawa, na imani haikupunguka. Vilevile juu ya maji ya Nkamba: tone moja juu ya ulimi au juu ya paji linatosha. Tusimjazie kikombe mtu ambaye maji yanamzamisha toka ndani. Wala tusimwite kwenye mfungo kabla ya kusikia munganga wake.

Na yule anayesema mwenyewe kwamba amechoka, anataka kuacha? Hapa naandika kwa kuogopa. Kuna siku ambapo mwili unakwenda, mashini haisaidii tena bali inaongeza maumivu, na mgonjwa mwenye akili yake timamu anaomba aachwe alale kwa amani pamoja na watu wake. Siwezi kumwita huyo mtu aliyejiua. Lakini mara nyingi, ukikaa na mgonjwa na kumsikiliza hata mwisho, unasikia kitu kingine: "Nimechosha watoto." "Wameuza kiwanja sababu yangu." Huyo hakuchoka na maisha. Amechoka kuwa deni. Na deni hilo tungeweza kulipunguza, sisi tunaojua kushindana kwa nsinsani, wanaume upande huu na wanawake upande ule, mpaka mahekalu yanasimama. Sijaona bado nsinsani moja iliyofanywa kwa ajili ya chujio za damu.

Nilirudi kwa mama kuomba msamaha. Alinisamehe, lakini alitaka kitu: siku za dialisi anatoka pale anatetemeka, na basi linamwangusha mbali na nyumba. Mume yuko kazini, mtoto yuko shuleni. Wenye gari au pikipiki wanaoweza kumrudisha siku ya kwanza, ya tatu na ya tano, saa nane ya mchana, waonane na mashemasi baada ya ibada. Siku ya tatu nimekwisha kuichukua mimi.