Uponyaji na Kikomo cha Kipimo

Swali la ni lini mgonjwa anastahili kuitwa mzima, ambalo mjini Bunia, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, huulizwa kanisani kama linavyoulizwa hospitalini, huwa gumu zaidi katika lukemia, yaani saratani ya chembe za damu, kwa sababu ugonjwa unapogunduliwa mwili huweza kuwa na chembe zake zipatazo trilioni moja, na hata dawa zikizipunguza hadi darubini isizitambue, mabilioni huenda yamesalia. Kipimo cha PCR, ambacho hunakili vinasaba tena na tena hadi vitambulike, huweza kugundua chembe moja yenye saratani kati ya laki moja. Na mashine ya GeneXpert, iliyotumika Bunia kutambua virusi vya Ebola katika mlipuko wa 2018 hadi 2020, ina pia katriji ya kupima BCR-ABL, jeni iliyo alama ya lukemia sugu ya mieloidi.

Hata hivyo, jibu hasi huthibitisha tu kwamba kilichobaki, kama kipo, kiko chini ya kikomo cha kipimo. Vivyo hivyo katika Biblia, kuhani wa Mambo ya Walawi 13, alipotilia shaka doa la ngozi, alimtenga mtu siku saba, kisha akamtazama tena. Kwa hiyo kuendelea kupimwa baada ya kumshukuru Mungu si upungufu wa imani, kwani shukrani huitikia neema iliyokwisha kupokewa, ilhali kipimo huuliza kilichosalia, na anayeacha dawa kwa kuwa ametoa ushuhuda wa kuponywa ameyachanganya mambo mawili yasiyopingana.