MALI YA NJAA NI AMANA

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad. Ama baada ya hayo.

Ndugu zetu Waislamu, twapenda kuwazindua juu ya jambo ambalo watu wa mijini hulidhani si lao, nalo ni fedha ambazo Serikali huwapa wakulima panapoingia njaa. Huenda mtu akauliza: sisi wa Mombasa, Lamu na Malindi tuna nini na mkulima wa Matiliku? Nasi twamjibu: zile mbaazi za nazi uzilazo asubuhi kwa mahamri, zimelimwa wapi? Makueni, pamoja na jirani zake Kitui na Machakos, ndiko zitokako mbaazi na pojo nyingi za Kenya. Atulishaye, nasi tukaisahau njaa yake, tumemdhulumu.

Nchi ile yategemea mvua za Machi na za Oktoba, na hizi za Oktoba ndizo tegemeo kubwa. Kuanzia mwisho wa 2020 hata 2022, misimu mitano ya mvua iliharibika mfululizo katika sehemu nyingi za nchi kavu za Kenya, na tarehe 8 Septemba 2021 Rais Uhuru Kenyatta aliutangaza ukame kuwa janga la taifa.

Wakamba huzipa njaa majina. Ile ya 1961 waliiita Yua ya Ndeke, njaa ya ndege, kwa kuwa chakula kiliangushwa kutoka angani. Mapema miaka ya 1980 ikaja nyingine, wakaiita Nikw'a Ngwete, yaani nafa hali nimeshika: fedha mkononi, na chakula cha kununua hapana. Jina hili ni mawaidha tosha. Zamani msaada ulikuwa gunia la mahindi; siku hizi aghalabu ni fedha, kama zile shilingi 2,000 kwa mwezi ambazo wazee waliotimia miaka 70 hupewa katika mpango wa Inua Jamii. Fedha ina heshima yake, kwani mtu hununua akihitajicho. Lakini fedha haitafunwi.

Basi amana hii ina milango mitatu. Wa kwanza ni orodha. Aandikaye majina akamtanguliza shemeji yake mwenye ng'ombe, akamwacha mjane asiye na mbuzi, amefanya hiana hata kama hakutia senti moja mfukoni mwake. Mwenyezi Mungu mwenyewe amewataja wanaostahiki Zaka katika Sura ya Tawba, aya ya 60. Hakuliachia jambo hilo matakwa ya mgawaji.

Wa pili ni ghala. Mfanyabiashara afungiaye mahindi, akingoja bei ipande siku fedha za msaada zitakapofika, amezitoa fedha hizo katika mkono wa mwenye njaa. Hiyo ndiyo ihtikari, nayo imekatazwa katika Sharia. Na maghala mengine yako hapa kwetu bandarini.

Wa tatu ni wetu sote: kusema kwamba Serikali imekwisha kutoa, basi sisi yametutoka. Katika mwaka wa 18 wa Hijra, Mwaka wa Majivu, Sayyidna Umar alijinyima samli na nyama mpaka watu wapate nafuu. Akamwandikia Amr bin al-As alete chakula, na Zaka ya mwaka ule akaiahirisha. Hakusema Beitulmali yatosha.

Wala asiseme mtu kuwa wale si wa dini yetu. Sadaka ya hiari haimbagui mwenye njaa, na jirani ana haki yake.

Basi mwenye kalamu ya orodha amche Mungu, mwenye ghala afungue, na mwenye shibe atoe. Ewe Mola wetu, tunusuru na shibe isiyomjali mwenye njaa. Amin.