Mbali na Nini?

Tunaposema kwamba nyumba fulani iko mbali, mara nyingi hatuimalizi sentensi. Mbali na nini? Swali hili nitalishughulikia kupitia jambo linaloonekana kuwa la mafundi tu, yaani jinsi ya kuwafikishia intaneti ya kasi watu ambao nyumba zao hazipo karibu na kituo cha simu. Ndani ya jambo hilo naona swali la zamani la maadili. Je, aliye karibu anadaiwa chochote na aliye mbali, au kila mtu abebe mwenyewe gharama ya mahali alipojenga?

Kwanza tuelewane kuhusu jambo lenyewe. Simu ya mezani hupita katika jozi ya nyaya za shaba kutoka kituo cha simu hadi nyumbani kwa mtu. Sauti ya binadamu haidai mengi kwenye waya huo. Simu hupitisha mitetemo isiyozidi takriban 3,400 kwa sekunde, na mitetemo ya namna hiyo huvumilia safari ndefu. Kwa hiyo katika enzi ya simu, aliyekaa mita 200 kutoka kituoni na aliyekaa kilomita 6 walizungumza sawasawa, na hakuna aliyejiona maskini kwa sababu ya waya wake. Kisha ikaja intaneti ya ADSL, ambayo hupita kwenye waya uleule lakini kwa mitetemo inayozidi milioni 1 kwa sekunde, na mitetemo ya juu ndiyo inayochoka upesi njiani. Aina yake iliyoboreshwa, ADSL2+, inaweza kumpa jirani wa kituo megabiti 24 kwa sekunde. Ukifika kilomita 5, zinabaki megabiti chache tu, na mbele zaidi hakuna kitu cha kutegemea. Mkongo wa kioo hauna udhaifu huo, kwani mwanga husafiri ndani yake makumi ya kilomita bila shida. Tatizo lake ni kuuchimbia mtaro, na mtaro hulipiwa kwa mita.

Maelezo haya ya kifundi nimeyatoa kwa sababu yana uzito katika hoja. Katika semina yetu mwenzangu mmoja alitoa pingamizi ambalo wengi walilipigia makofi: kila mtu na alipojenga. Anayejenga mlimani anapata hewa safi na ardhi ya bei nafuu, basi avumilie na hasara zake. Pingamizi hili lina nguvu iwapo mtu alijua anachochagua. Lakini aliyejenga mwaka 1965, kilomita 6 kutoka kituoni, alichagua mahali ambapo simu ilisikika vizuri kama ya mtu wa mjini. Hakuhama, wala waya wake haukuhamishwa. Kilichobadilika ni kipimo. Sioni namna ya kumwambia kwamba aliichagua hasara ambayo wakati huo haikuwepo duniani, na wajukuu wake waliozaliwa humo hawakuchagua hata hicho kidogo.

Kuna jambo jingine ambalo pingamizi hilo hulificha. Umbali ni uhusiano wa vitu viwili, na kimoja kati ya hivyo viwili, yaani kituo, kiliwekwa na mtu. Kituo hakikuota ardhini kama mwarobaini. Huku kwetu Uganda, kama katika nchi nyingi zilizotawaliwa, simu ilifuata ofisi za serikali na biashara. Zilipokuwa, waya ulifika. Zilipokosekana, haukufika. Vijiji vingi vilikuwepo kabla ya kituo, kwa hiyo ukiniuliza nani yuko mbali na nani, nitasema kituo ndicho kilichowekwa mbali na kijiji. Leo tunarudia habari ileile kwa mkongo. Intaneti ya Uganda, nchi isiyo na bahari, hutegemea sana nyaya zilizotua Mombasa tangu 2009, na mkongo kutoka pwani hufuata barabara kuu na njia za umeme. Watu wa kandokando waliona mtaro ukichimbwa mbele ya nyumba zao na kufukiwa tena. Mkongo huwapita kama basi la moja kwa moja lisilosimama vituo vya kati.

Hata hivyo sitaki kushinda kwa njia ya mkato. Watetezi wa usawa hupenda kutoa mfano wa posta. Mwaka 1840 Uingereza ilianzisha bei moja ya barua, peni moja, iwe inakwenda mtaa wa pili au mwisho wa nchi. Mfano huu unavutia lakini hautufai sana. Rowland Hill, aliyependekeza mpango huo, alionyesha kwa hesabu kwamba gharama ya kuisafirisha barua moja ilikuwa ndogo mno, na kwamba gharama kubwa ilikuwa kuipokea, kuiandika na kukusanya malipo. Umbali wenyewe haukuwa na bei ya maana. Katika mkongo umbali una bei, tena kubwa. Anayetaka nyumba ya mwisho wa njia iunganishwe lazima akiri kwamba mtu fulani atalipa zaidi ili mwingine apate sawa. Akikwepa kukiri hivyo, hajajibu swali.

Basi kwa nini mtu alipe? Wengi hujibu kwamba intaneti ni jambo jema, lakini dunia imejaa mambo mema ambayo hatudaiani. Kwangu mimi jibu lenye nguvu zaidi limo katika kile aliye mbali anachonyang'anywa. Kadiri huduma zinavyohamia mtandaoni, dirisha la zamani hufungwa. Fomu ya kuomba chuo, namba ya mlipakodi, matokeo ya mtihani: vitu hivi vilipatikana kwa karatasi, na mtu alitembea kuvifuata. Siku karatasi inapoondolewa, mtu asiye na mtandao habaki pale alipokuwa jana. Anarudishwa nyuma. Uingereza ilionja jambo hili mwaka 2015, wakulima wa England walipotakiwa kuomba ruzuku zao kupitia mtandao. Watu walioambiwa waombe hivyo ni wakulima, ambao kwa kazi yao hawawezi kukaa karibu na kituo cha simu. Mfumo wenyewe ulielemewa, na mwezi Machi serikali ikarudi kwenye fomu za karatasi. Kurudi kulikuwa aibu kwa wasimamizi, lakini naona kulikuwa na haki zaidi kuliko mpango wenyewe.

Kutoka hapo napata kanuni ninayoweza kuitetea. Anayefunga dirisha anadaiwa mlango. Serikali inayookoa fedha kwa kuhamishia huduma mtandaoni inaziokoa kwa sehemu kutoka kwa yule asiyeufikia mtandao, na deni lake kwake ni la haki kabla halijawa la huruma.

Deni hilo lina mpaka gani? Finland iliamua kwa sheria kwamba kuanzia Julai 2010 kila makazi ya kudumu yawe na haki ya intaneti ambayo kiwango chake cha chini wakati huo kilikuwa megabiti 1 kwa sekunde. Uingereza ilianza mpango wake Machi 2020. Nyumba isiyoweza kupata megabiti 10 kwa sekunde ina haki ya kuomba iunganishwe, lakini gharama ikizidi pauni 3,400, mwombaji hulipa ziada yake au hukaa bila. Mpaka ni lazima uwepo, maana hakuna deni lisilo na mwisho. Nisichokubaliana nacho ni namna ya kuhesabu. Kwenye nyumba za mbali makadirio yalifika makumi ya maelfu ya pauni. Sasa fikiria mtaro mmoja unaopita mbele ya nyumba 10. Je, anayeomba wa kwanza alipie mtaro mzima, na majirani 9 waje baadaye kula kilichopikwa? Suala hili hasa lilimfikia msimamizi wa mawasiliano wa nchi hiyo, Ofcom, mwaka 2020. Ukihesabu nyumba mojamoja, kila moja inaonekana ghali kupita kiasi. Ukihesabu kijiji, gharama inashuka hadi mahali ambapo watu wanaweza kuzungumza.

Hilo ndilo walilofanya wakazi wa kaskazini mwa Lancashire. Mwaka 2011 walianzisha ushirika uitwao B4RN, baada ya kuona kwamba kampuni hazitakuja kwao. Waliuza hisa wao kwa wao. Wenye mashamba walikubali mkongo upite kwenye ardhi yao bila malipo, na watu wa kawaida wakachimba mitaro kwa mikono na matrekta. Kuchimba shambani ni rahisi kuliko kuvunja lami, kwa hiyo mashamba yaliyokuwa kikwazo yakawa njia. Walipomaliza, vijiji hivyo vya kondoo vilikuwa na gigabiti 1 kwa sekunde, kasi ambayo mitaa mingi ya London haikuwa nayo wakati huo. Mtu wa Afrika Mashariki akisikia habari hii hasemi ni uvumbuzi. Anasema ni harambee, ni ujima, ni bulungi bwansi kama wasemavyo Waganda.

Nawasifu kwa moyo, lakini nina wasiwasi na jinsi sifa hizo zinavyotumiwa. Ushirika ule ulikuwa na mtaalamu wa mitandao ya kompyuta aliyejitolea, wastaafu wenye muda, na watu wenye akiba ya kununua hisa. Kijiji kisicho na vitu hivyo kikiambiwa "igeni mfano", kinaadhibiwa mara mbili. Kujitegemea ni sifa njema kwa anayejitegemea. Kinywani mwa anayedaiwa, ni kisingizio.

Nirudi nyumbani. Uganda, kupitia tume yake ya mawasiliano, ina mfuko wa mawasiliano vijijini tangu 2003, unaotokana na tozo kwenye mapato ya kampuni za mawasiliano. Tanzania ilitunga sheria ya mfuko wa namna hiyo mwaka 2006, na Kenya inao wake. Watu huuona mfuko kama sadaka ya mjini kwenda kijijini, na naona wanakosea. Mapato ya kampuni hutoka kwa wapiga simu, na mwanamke wa kijijini anayenunua muda wa maongezi ya shilingi 500 amechangia kwa kiasi chake. Anapodai mnara, anadai chake. Hoja hii ilinijia wazi zaidi kwa sababu ya ushuru wa mitandao ya kijamii. Kuanzia Julai 2018 kila mtumiaji alitozwa shilingi 200 kwa siku, hadi mwaka 2021 ushuru huo ulipobadilishwa kuwa asilimia 12 ya bei ya data. Shilingi 200 zilikuwa zilezile kwa aliyeko Kololo anayetazama video bila kusubiri na kwa aliyeko kilimani anayengoja ujumbe mmoja uondoke. Serikali iliweza kuwafikia wote wawili kwa usawa kamili ilipokuwa ikikusanya.

Shule za Uganda zilifungwa Machi 2020 na hazikufunguliwa kwa wote hadi Januari 2022. Nilikuwa sekondari wakati huo, nyumbani kwetu katika vilima vya Kigezi. Wenzangu wa baadhi ya shule za Kampala walifundishwa kwa mtandao. Sisi tulikuwa na redio, na pale juu ya shamba la viazi la shangazi kulikuwa na jiwe ambapo simu ilishika mtandao kama hakuna ukungu. Shangazi aliniuliza kama huko juu kuna mtu ananilipa. Baadaye wote tulifanya mtihani mmoja, siku moja, kwa maswali yaleyale.

Kuna watakaosema maji kwanza, dawa kwanza, intaneti baadaye. Sipingi kwamba maji ni muhimu zaidi. Nauliza kwa nini ulinganisho huu hufanywa kwa niaba ya kijiji tu. Sijasikia mtaa wa Kampala ukinyimwa mkongo hadi mifereji yake yote izibuliwe. Tena tozo ya simu ilikusanywa kwa ajili ya mawasiliano, na kuiacha bila kutumika hakuchimbi kisima.

Kuhusu setilaiti sitakaa sana. Huduma za setilaiti za anga ya chini, kama ile iliyofika Kenya mwaka 2023, zinaufuta umbali kutoka kituoni, kwani angani kila paa liko karibu. Lakini zinaurudisha umbali kwa sura ya bei, na bei ya kifaa chake inazidi kipato cha miezi mingi cha wakulima ninaowafahamu.

Basi msimamo wangu ni huu. Gharama ihesabiwe kwa kijiji badala ya nyumba moja. Mfuko ulipe hadi kikomo kinachotangazwa waziwazi, na wanakijiji wanaoweza kuchimba wahesabiwe nguvu zao kama mchango. Nyumba chache zitabaki nje ya kikomo hicho, kule juu kabisa ambako hata mnara haufiki. Kwa hizo, ofisi inayotaka fomu yake ijazwe mtandaoni iendelee kupokea ya karatasi, yenye tarehe ileile ya mwisho, na karani akae dirishani hadi saa kumi na moja.