FEZA YA LETA NI YA NANI?



Wako wasemao: "Feza ya Leta haina mwenyewe, ukiipata, kula." Tuipime kauli hii.

Kwa jirani zetu wa Tanzania, sheria ya 2018 inaziagiza halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani, ziwakopeshe wanawake (4), vijana (4) na walemavu (2) mtaji wa biashara, bila riba. Ndio mlango wa halali tunaouomba! Lakini wengi hawakurudisha, na vikundi vingine vilikuwa majina matupu. Mwaka 2023 serikali ikasimamisha mikopo, hadi 2024. Nani aliumia? Si waziri. Ni mama aliyekuwa akingoja zamu yake.

Wewe ndugu waijua likelemba. Anayepokea wa kwanza kisha akakimbia hamuibii mshika daftari. Anamuibia wa mwisho. Mkopo wa Leta ni likelemba ya watu usiowajua.

Utasema: "Wakubwa wanakula mamilioni." Nao wataulizwa. Lakini dhambi ya mkubwa hailipi deni lako. Mtume (s.a.w.) hakumsalia maiti mwenye deni la dinari chache mpaka Abu Qatada alipojitwika kulilipa.

Biashara ikianguka, usijifiche. Nenda, eleza, omba muda. Qur'ani (2:280) yamwamuru mdai amngojee aliyekwama. Haimpi ruhusa mwenye nacho kujifanya hana.

Allah atuondolee mizigo ya madeni. Amin.